Muzee Hapigiake Mutoto Mikono

Siku ya pili ya kazi, tarehe 4/6/1996

Metre Hilaire, mwalimu wa mupigano, amesema kila muntu atafute kaye, daftari, aandike mambo yenye amejifunza ile siku. Bengine balicheka. Minye sikucheka. Minye niko na kaye tangu zamani, ilibakiaka pa masomo ya magaribi kwa ba Père, bapadri, nilijazaka paka kurasa kidogo za mbele. Kumbe nilikuwa naichungia kazi hii! Hakuna muntu atasoma. Bibi yangu Berthe, mama wa batoto bangu, anajua kusoma kunipita, lakini anasema mwandiko yangu ni njia ya kuku mu matope. Vizuri. Njo kufuli yangu ile.

Basi nimejifunza nini leo? Hakuna. Minye njo nilibafundisha.

Niliingia mu ile sale, ukumbi ya zamani pale Shituru, karibu na njia ya treni. Zamani balikuwa banaonyesha filme mule. Sasa Metre ametandika mifuko yenye kujaa vumbi ya mbao, juu yake bashi moja ya kamyo, ile turubai, banaita tatami. Bantu bakubwa na akili yabo banabingirika pale chini kama batoto ba imbwa! Nikauliza: mupigano gani hii ya kulala? Metre alikuwaka fundi wa kuran, umeme, ku kazi, sasa kazi haiko. Anasema: Papa Athanase, ni jiu-jitsu ya Brésil. Aliiona mu kazeti ya video yenye alitoka nayo Kitwe siku alienda kutafuta unga. Eti mu kazeti kuko ka-Brésilien kamoja kakonda, kanafunga bantu banene kama muzigo ya kuni.

Nikamwambia: minye baliniitaka Rouleau. Ile mashini ya kupondea barabara. Uliza Shituru yote. Uliza kule Koni, wakati tulikuwa tunajenga barage, ile ukuta ya maji, nani alibebaka mifuko ya simenti mbili mu bega moja? Hakuna muntu aliyeniweka mugongo chini. Hata moja!

Metre akasema: ndiyo Papa. Vua viatu.

Bakanipa Reine. Reine! Kabinti ka Suzanne wa mandazi, anafundisha batoto ba première, darasa ya kwanza, uzito yake ni beseni moja ya unga. Nikasema: minye sitaki kuua muntu leo. Banacheka.

Halafu nililala kidogo. Sikushindwa — nililala. Tangu asubui nilikuwa nimechoka. Alipanda mu mugongo, mukono yake ikapita chini ya kidevu, nikaona nyota. Kufungua macho — Metre iko ananipepea na kimono.

Anauliza: Papa, juu ya nini haukupiga?

Mu huu muchezo, kama bamekukamata, unapiga na mukono mara mbili, pa tatami ao pa mwili ya mwenzako. Pa, pa. Maana yake: inatosha, uniachilie. Anakuachilia, munaanza tena. Njo sheria.

Nikamwambia wazi, mbele ya bote. Kwetu Bukama, kupiga mikono ni heshima. Unapigia mukubwa wa muji. Unapigia baba yako. Unapigia buko, muzee mwenye alikupa binti yake. Muzee hapigiake mutoto mikono! Leo nipigie Reine? Mutoto wa mandazi?

Metre akakuna kichwa. Basi Papa, utalala mingi.

Siku ya tatu, 5/6

Shingo haigeuke. Nikamwambia Berthe ni baridi ya mwezi wa sita. Anapaka mafuta ya mawese, anaangalia, anasema: hii baridi iko na vidole tano.

Siku ya posho, 8/6

Siku ya posho! Jina tu imebakia. Zamani siku hii, mwisho wa juma, kampuni ilikuwa inatugawia unga, mafuta, samaki ya chumvi, njo bakaiita vile. Leo posho yangu ni ingine: NIMESHINDA!

Ricky njo jina yake. Kijana wa makala. Anachoma makala, mukaa ya kupikia, kule upande wa Lufira, anasukuma kinga yake, ile baiskeli, mpaka hapa, ile kinga imejaa mpaka yeye mwenyewe haonekane, unafikiri makala iko inatembea yenyewe. Miguu yake ni poto ya kuran, nguzo kabisa. Nikamushika ku kimono, nikamusukuma — akaanguka! Nikapanda juu yake. Hata sijaanza kukaza, akapiga. Na hakupiga kama bale bengine, pa-pa ya haraka. Alikunja mikono, akapiga polepole, macho chini, kama mutoto mwenye kulelewa.

Nikamwambia Metre: umeona? Rouleau!

Metre aliangalia juu ku mabati. Ile sale iko na tundu mingi ku mabati.

Siku ya ine, 13/6

Nimemushinda Ricky tena. Mara mbili! Sasa niko najua siri yangu: ni uzito ya mifupa. Mifupa ya zamani ilijengwa na nyama, haikujengwa na majani ya muhogo kila siku.

Na huyu kijana ananiogopa kabisa. Jana tulikutana pa njia. Alitoka mu njia na kinga yake yote na makala yake yote, akasimama mu majani mpaka nikapita. Macho chini. Nikasema: bonjour Ricky. Akajibu kwa sauti ya panya.

Asubui tulikuta mufuko ya makala kwa mulango. Ricky aliiweka, anaanza kwenda. Berthe akamwita, ugali iko pa meza: kuya ukule bukari! Akasimama kule kwa muti ya papai, akasema ameshiba. Tumbo yake tuliisikia mpaka ndani ya nyumba.

Nikamwambia Berthe: unaona heshima ya muntu mwenye nguvu? Berthe akaangalia Simone, binti yetu wa mwisho. Simone akaangalia bukari.

Kuran imekatika. Ninaandika na bujie, mushumaa kidogo. Maji ya Mwadingusha, yenye inatoa kuran, iko kule Lufira inapiga kelele, na siye tuko mu giza. Haizuru. Muntu mwenye kushinda anaona njia.

Siku ya posho, 22/6

Mbavu.

Nitaandika polepole. Leo Metre alimupa Ricky kupigana na Bertin, yule makanika munene, shingo yake na kichwa ni kitu moja. Minye nilikaa nikasema: Ricky maskini, leo atakufa.

Ricky alimuinua Bertin kama mufuko. Alimuzungusha, akamuweka chini, akakaza mukono, Bertin akapiga mpaka vumbi ya mbao ikatoka. Halafu tena. Halafu tena! Ricky hata jasho hakuna.

Nikafikiri. Ricky anashinda Bertin. Minye ninashinda Ricky. Basi Bertin kwangu ni kitu gani? Ni hesabu ya batoto ba Reine. Nikasimama, nikasema: Bertin, kuya.

Bertin akanikalia juu ya kifua. Sikupiga. Pumzi ikaenda, sikupiga. Masikio ikaanza kuimba, sikupiga. Metre njo alimuvuta na kimono. Anapaza sauti: Papa Athanase, unataka nikamwambie nini mama Berthe?

Ricky alikuwa ananiangalia. Sijue aliniangalia namna gani. Alikuwa na huruma, njo kitu yenye inaniuma kupita mbavu.

Hesabu hii haitoke. Kuko kitu.

Siku ya Mungu, 23/6

Nimejua.

Tulitoka ku misa, Berthe akanikalisha. Anasema: baba Simone, usikasirike. Ricky anamutaka Simone, na Simone anamutaka. Ni mwaka mzima sasa. Bajomba ya Ricky, muzee Georges, atakuya kujionyesha na kuomba binti siku ya Mungu tarehe kumi na ine mwezi wa saba.

Nikasema: Ricky gani?

Anasema: kuko Ricky ngapi wenye banatuletea makala?

Nikakaa. Mambo yote ikapita mbele yangu moja moja. Kutoka mu njia. Macho chini. Kukataa bukari ya mama wa binti. Ile mikono ya polepole... Hakuwa anasema inatosha, uniachilie. Alikuwa ananisalimia! Kila mara nimekaa juu ya kifua yake, nimefurahi, nimeita bantu baone — yeye chini kule iko ananisalimia kama baba wa bibi yake. Buko hashikake buko, hata kumugusa hapana. Anamupigia mikono.

Nikamuuliza Berthe: na bantu ba sale banajua?

Berthe akasema: Papa, hata yule mulinzi wa sale anajua.

Nikamwambia: hakuna ndoa.

Siku ya ine, 27/6

Sikuenda sale. Mbavu.

Simone analeta chai, anaweka na kelele. Nikasema: huyu kijana alinidanganya. Anasema: alikudanganya nini, Papa? Alikuheshimu. Nikasema: aliniheshimu mbele ya bantu kama bantu banavyoheshimu mugonjwa! Anasema: basi unamukatala juu alikuacha ushinde? Kama angekuvunja ungesema hana adabu!

Ule mutoto iko na kinywa ya mama yake. Chai haikuwa na sukari. Sukari iko, aliificha.

Siku ya posho, 29/6

Metre Hilaire alikuya mwenyewe. Berthe akamupa kiti yangu. Yangu!

Anasema: Papa, uko na mwezi moja ku tatami. Moja! Reine iko na miaka mbili. Mupya anapiga. Kila siku anapiga, njo kazi ya mupya. Siku ya pili iliyopita Reine alinikaba minye, metre wake, nikapiga, nikamwambia merci. Ile jina ya Rouleau uiache kwa mulango, pamoja na viatu.

Berthe kutoka jikoni: na viatu yenyewe iko na tundu!

Nikamwambia: Hilaire, sikiya. Minye nilikuwa muntu. Ile kazi yote pale Shituru, ile moto ya fonderi ya shaba, nilikuwa muntu, bantu balikuwa banageuka. Sasa mashini imesimama, mushahara haikuye, ata makala ninangoja kijana alete. Basi na nguvu yangu pia ni zawadi?

Metre akaangalia viatu yangu. Halafu anasema: Papa, siye bote tumefika mu ile sale juu kule inje tumepigwa. Kule ndani angalau unaweza kupiga pa, pa, na muntu anakuachilia.

Alipoenda nikafikiri mingi. Halafu nikapata akili yangu mwenyewe, nzuri kupita yake: Ricky apigane na minye kweli. Mara moja. Mbele ya tarehe kumi na ine, juu muzee Georges akishaingia mu lupango, mu kiwanja yetu, na kukaa, tumekuwa buko, na hatanigusa tena mpaka kufa kwangu.

Akinishinda kweli, ama nimushinde kweli — haizuru. Lakini kweli. Halafu nitasema ndiyo.

Siku ya pili, 2/7

Ricky amekatala. Alisimama kwa muti ya papai, anaongea na papai. Anasema: Papa, siwezi. Buko hashike buko.

Nikasema: haujawa buko bado!

Anasema: mu roho nimekwisha kuwa.

Hapo nilitaka kucheka na nilitaka kukasirika, nikakohoa. Simone alitokea na beseni ya manguo ku kichwa. Anamwambia: Ricky. Umushike muzuri. Ukimuacha ashinde tena, minye njo nitakuacha.

Kijana akafunga macho kama mwenye kumeza dawa.

Siku ya posho, 6/7

Ninaandika na taabu. Mukono ya kuume iko muzima. Ya kushoto hapana.

Sale ilijaa. Hata Suzanne alifunga mandazi yake akakuya. Metre akasema: Ricky, ni mazoezi, usivunje muntu. Papa, ukikamatwa utapiga? Nikasema: tutaona.

Ricky akanyosha mikono. Nikamushika ku kola. Nikasukuma na mifupa yote ya zamani — na hakusogea. Ni ukuta! Mwezi mzima huyu ukuta alikuwa anajiangusha! Halafu sijue alipita wapi. Mabati ilikuwa chini, tatami juu. Nikawa mugongo chini. Minye. Na haikuuma. Alinishika kichwa na mukono yake isigonge.

Nitasema ukweli juu hii kaye ni yangu. Pale chini, kabla ya mambo mengine, nilifurahi. Nilifikiri: muntu mwenye atamuchunga Simone wangu iko na nguvu hivi? Merci Bwana.

Halafu akapata mukono ya kushoto. Akainyosha juu ya tumbo yake, polepole, kama muntu anayejaribu tawi ya muti. Alikuwa analia kidogo, huyu mujinga. Anasema: Papa, piga.

Akakaza kidogo.

Papa, nakuomba, piga.

Bantu bote balikuwa banaangalia mukono yangu ya kuume. Minye pia niliiangalia. Ilikuwa pale pa tatami, imefunguka, karibu kabisa. Kitu ndogo. Pa, pa. Na haikusogea. Nikasema mu roho: Rouleau hapige.

Ricky akaachilia. Aliachilia! Lakini minye sikujua — nilikuwa nimekwisha kuvuta na nguvu yote ya Koni, kwa kujigeuza, na kiwiko ikasema TA.

Hakuna mwenye alinivunja. Nilijivunja mwenyewe.

Ricky akashusha makala yote ku kinga, akanikalisha pa nafasi ya makala, akanisukuma mpaka nyumbani. Nilipita Shituru yote vile, na vumbi nyeusi ku suruali. Bantu banauliza: Papa Athanase, ni kilo ngapi? Ricky hakucheka. Mukono yake moja ilikuwa ku kinga, ingine mu mugongo yangu njia yote nisianguke. Ku kila shimo alisimama, akapita polepole. Alinigusa njia yote. Hakukuwa namna.

Nimejifunza nini leo: kiwiko haijue jina ya muntu.

Siku ya ine, 11/7

Mufunga-mifupa, mama mumoja wa kule Kikula, amefunga mukono na vijiti. Berthe ameutundika ku shingo na kipande ya kitenge yake ya maua. Niko kama dirisha ya muntu wa mali.

Berthe haongee na minye tangu siku ya posho, anaongea na mukono. Anauliza mukono: umekula? Anauliza mukono: huyu muzee wako atasema nini siku ya Mungu?

Nikamujibia, si mukono: nilisema nitasema ndiyo, nitasema ndiyo. Kwani minye ni muntu wa midomo mbili?

Akaniangalia. Akapanguza jicho na ncha ya kitenge. Ile ya mukono wangu, akanivuta karibu nianguke.

Siku ya Mungu, 14/7

Bamefika. Nilikuwa nimekaa pa meza na shemizi nyeupe, nikachukua biki niandike kidogo kutuliza roho. Sasa biki haitoke mu vidole.

Bako inje ya lupango. Ninabaona mu dirisha: muzee Georges na kofia, wamama babili na kuku, na Ricky nyuma kabisa, mu koti ya muntu mwingine, mikono ya koti ni mirefu.

Desturi bote tunajua. Bale ba mwanaume hawagonge mulango. Banasimama inje banapiga mikono. Na ndani ni baba wa binti njo anabajibia, na mikono yake mwenyewe. Mama hawezi. Ndugu hawezi. Baba akijibu, baingie. Mara ya tatu akinyamaza, bageuze na kuku yabo, na hawarudie tena.

Bamepiga mara ya kwanza. Nikainua mikono nijibu — mukono ni moja! Ya kushoto iko mu maua ya Berthe, imekazwa na vijiti. Nilijaribu. Iliuma mpaka nikaona zile nyota za Reine. Mukono moja ya kuume ilipiga hewa. Hewa haina sauti.

Nikaita: ingieni! Muzee Georges hakusogea. Muntu ya desturi. Neno haifungue lupango, ni mikono.

Berthe kutoka jikoni, mwiko mu mukono: baba Simone! Unangoja nini? Unaandika? Unaandika sasa?! Simone amesimama mu mulango ya chumba. Leo kinywa ya mama yake imepotea. Ananiangalia tu, mikono yake yote mbili mu kifua, anadhani nimekatala.

Bamepiga mara ya pili. Ricky pia anapiga, kule nyuma, polepole, macho chini. Ile ile. Naijua hii mikono. Nilikaaka juu yake mwezi mzima.

Kitu ya kupiga iko hapa. Meza. Mbao ya mukusu, inasikika mpaka ku njia. Lakini mukono moja, pa kitu, mara mbili — bale bote inje banajua ni nini ile: inatosha, uniachilie. Na Ricky anajua kupita bote. Atasikia, na atajua ni ile yenye aliniomba pale chini na machozi, nikamunyima.

Muzee Georges ameinua mikono ya mara ya tatu.

Ninaweka biki chini, nipige. Vidole yangu inaanza kufunguka, meza iko karibu kabisa